Ifungeni Barabara ya Kusini Kabla Maji Hayajaifunga

Kwa: Waziri wa Ujenzi, Mtendaji Mkuu wa TANROADS, Mkurugenzi Mkuu wa LATRA, Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote kwa barua moja, na nimefanya hivyo makusudi. Nikimwandikia mmoja wenu peke yake, atanijibu kwa adabu kwamba jambo langu liko kwa mwenzake. TANROADS watasema wao ni barabara, LATRA watasema wao ni leseni na nauli, polisi watasema wao ni madereva, na wa hali ya hewa watasema taarifa walikwishaitoa. Kila mmoja atakuwa amesema kweli, na mimi nitakuwa bado nimekaa ndani ya basi, mbele yangu maji yanakatiza lami na dereva anaangalia saa.

Ninachoomba ni hiki: barabara kuu ya Kusini, ile itokayo Dar es Salaam kupitia Kibiti, Somanga na Nangurukuru hadi Lindi na Mtwara, iwekewe utaratibu wa kufungwa kwa amri mvua inapozidi, kabla maji hayajaifunga yenyewe. Ifungwe kwa saa zinazojulikana, ajulikane aliyeifunga, na itangazwe itafunguliwa lini. Madaraja mapya nayataka pia, nitayafikia. Lakini daraja huchukua miaka, na mvua za Kusini hazisubiri zabuni.

Mkumbuke Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikiona kikijengeka baharini mashariki mwa pwani yetu, ikatoa taarifa mapema, ikaitaja mikoa itakayoguswa, Lindi na Mtwara zikiwemo. Kilipokaribia Mafia, tarehe 3 na 4 Mei 2024, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitisha safari. Abiria walinung'unika kidogo bandarini, wakabeba mabegi yao, wakarudi walikotoka. Hakuna nahodha aliyeachiwa asogee hadi kwenye wimbi akaamue mwenyewe kama linapitika.

Nchi kavu, taarifa hiyohiyo, ya mamlaka hiyohiyo, kuhusu kimbunga hichohicho, iligeuka kuwa nasaha. Watumiaji wa barabara wakaambiwa wawe waangalifu. Halafu barabara ikakatika Somanga, ikakatika na kwingine kati ya hapo na Lindi, hivyo hata walipoziba sehemu moja gari lilikwenda kukutana na pengo jingine mbele. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara hazikuwa na njia ya moja kwa moja ya kwenda Dar es Salaam. Mwenye haraka alizunguka Morogoro, Iringa, Songea na Masasi. Safari ya kilomita zipatazo 560 ikawa ya zaidi ya 1,500. Malori yalipanga foleni pande zote mbili, na yaliyobeba nyanya na vitunguu yakaanza kutoa harufu.

Sitasema Serikali ililala, maana haikulala. Waziri mwenye dhamana wakati ule alipiga kambi huko, wahandisi wa TANROADS walikesha na mitambo, mawe yakamwagwa usiku na mchana mpaka magari yakapita. Nawapa heshima yao. Tatizo ni kwamba sifa hizo zote ni za kufungua barabara. Katika kufungua tumekuwa mafundi. Aprili 2025 mawasiliano yalipokatika tena palepale Somanga, tulionyesha ufundi uleule: mitambo, mawe, viongozi wenye mabuti, picha. Kufunga ndiko hatujaanza kujifunza.

Naomba niwaeleze namna uamuzi unavyofanyika sasa, kwa sababu wengi wenu hupita njia hii kwa magari yenye king'ora, na mkifika penye maji mnakuta mtu wa kuwaongoza yupo tayari.

Basi linapunguza mwendo. Mbele taa zimemulika kitu kinachong'aa kuliko lami. Dereva anazima redio. Utingo anavua viatu, anakunja suruali hadi magotini, anashuka na kijiti alichokiokota pembeni, anaingia majini huku mwili ameupindia upande maji yanakotoka. Watu wote wamesimama ndani ya basi kumtazama. Maji yakimfika kwenye goti anapunga mkono kwamba njoo. Yakimfika kwenye paja anageuka nyuma na kusubiri dereva aseme. Na hapo ndipo kelele zinapoanza, kutoka kwetu sisi abiria. Mmoja anasema twende, lori lile limepita. Mwingine ana mgonjwa, mwingine ana mazishi. Wa nyuma kabisa anamwita dereva mwoga. Simu ya dereva inaita, na aliye upande wa pili ni tajiri, anataka kujua mbona gari limesimama. Katika kelele hizo, kijana mwenye miguu mitupu ndiye chombo cha taifa cha kupimia kina cha maji.

Safari moja ya namna hiyo tulivuka. Kampuni siitaji, na wala dereva hakuwa mtu mbaya. Aliingia taratibu kwa gia ndogo, na katikati nyuma ya basi ikasogea kama shubiri moja kuelekea kushoto. Hakuna aliyepiga kelele tena. Tulipopanda ukingo wa pili, abiria walewale waliomwita mwoga walimpigia makofi. Ndivyo dereva anavyofundishwa kuvuka mara ijayo.

Utingo anapima kina, lakini kina peke yake hakitoshi. Maji yanayokwenda kasi, ya sentimita 30 tu, yanaweza kulisogeza gari dogo; yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi yanayotumika barabarani. Basi lina ubavu mrefu ambao maji huusukuma wote kwa pamoja, na ndani limejaa hewa, kwa hiyo linaelea mapema kuliko macho yanavyokadiria. Juu ya hayo, maji ya mafuriko ni ya udongo. Hayaonyeshi kama chini yake lami ipo au ilikwishaondoka. Lori lililopita dakika kumi zilizopita lilipita juu ya barabara; wewe unaweza kupita juu ya shimo ambalo lori hilo limesaidia kulichimba.

Jirani zetu wa Kenya walilipia somo hili tarehe 4 Desemba 2021 kwenye mto Enziu, kaunti ya Kitui. Basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji yaliyofunika daraja, likalala ubavu, likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukingoni walikuwapo watu wakitazama, wengine wakirekodi kwa simu. Hapa kwetu, Arusha, tarehe 12 Aprili 2024, gari la shule lilisombwa na maji ya korongo eneo la Muriet, na watoto waliokuwa wakienda masomoni wakafa. Katika mikasa yote miwili maji hayakumvizia mtu. Yalikuwa yanaonekana, na dereva akaachiwa kuamua peke yake.

Mtaniambia kwamba huwezi kumwekea kila dereva mlinzi. Nakubali. Lakini kufunga barabara mnajua, maana Jangwani mnafunga. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa, mabasi ya mwendokasi husitishwa kupita hapo, tangazo hutoka, na watu wa Magomeni na Kimara hutafuta njia nyingine huku wakilaani. Hakuna utingo anayeingia Msimbazi na kijiti. Sasa Jangwani mtu akizuiwa ana barabara nyingine za kuzungukia, ana bodaboda, na akikwama kabisa ana ndugu Kariakoo. Huku Kusini, kati ya Nyamwage na Nangurukuru, hana kitu. Pale ambapo kufunga kunahitajika zaidi ndipo hakufanyiki, na sababu ninayoiona mimi ni kwamba Jangwani kuna kamera na Somanga hakuna.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la mamlaka. Usiku wa manane, mvua inanyesha tangu magharibi, mto Matandu umepanda: ni nani mwenye uwezo wa kusema hapiti mtu? Meneja wa TANROADS wa mkoa yuko Lindi mjini. Mkuu wa wilaya ana kamati yake ya maafa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, lakini kamati huitwa, hukaa, huandika muhtasari. Trafiki aliyekuwa na tochi ya mwendokasi mchana alikwishaondoka, na simlaumu, maana tochi haipimi mafuriko. Anayebaki eneo la tukio ni mzee wa kijiji anayeujua ule mto kuliko sisi sote, na hana hata kamba ya kuzuia njia.

Mpeni kamba. Nasema hivi bila mzaha. Kila penye historia ya kufurika katika njia hii, na TANROADS mnayo orodha kwa sababu ndiko mnakopeleka mawe kila mwaka, wekeni geti la chuma pande zote mbili na nguzo ya kipimo iliyopakwa rangi inayoonekana usiku. Chini ya mstari wa kwanza magari yanapita. Maji yakigusa mstari, malori na mabasi yanasimama. Yakigusa wa pili, geti linafungwa kwa kila mtu, awe na namba ya Serikali au hana. Waajirini kwa msimu watu wawili watatu kutoka kijiji cha jirani, wapeni koti la mvua, taa na simu yenye salio, na muwape barua yenye mhuri inayosema kwamba akifunga, amefunga kwa niaba ya Wakala wa Barabara. Sidhani kama gharama yake kwa msimu mzima inafika bei ya mawe ya siku moja ya kuziba pengo.

Si wazo geni duniani. Cameroon wana vizuizi vya mvua kwenye barabara zao za udongo: mvua ikinyesha, geti linashushwa na magari mazito yanasubiri saa kadhaa hadi njia ikauke. Wao wanalinda udongo usiharibiwe na malori. Sisi tunaomba ulinzi huohuo kwa watu. Australia, ambako maeneo mengi ni makavu kuliko Dodoma, nguzo za kupimia kina cha maji zimesimama penye vivuko hata kama mwaka mzima hapajapita tone.

Nawageukia LATRA, kwa kuwa ninyi mna vifaa vilivyo tayari na pengine hamjavitazama kwa jicho hili. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa mfumo wa kufuatilia mwenendo. Mnajua basi gani liko wapi na linakimbia kiasi gani, na mmekuwa mkiwachukulia hatua wanaozidisha kilomita 80 kwa saa. Tiketi nyingi sasa ni za mtandao, na juu yake kuna namba ya simu ya abiria. Basi mfumo huohuo utume ujumbe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kubwa kwa mkoa wa Lindi, kila dereva aliye njiani kwenda Kusini apate maagizo asimame kituo gani, na kila abiria mwenye tiketi ya kesho apate ujumbe kwamba anaweza kusogeza safari au kurudishiwa nauli bila kukatwa hata shilingi. Hilo la nauli ndilo kubwa. Mtu aliyekwishalipa na anajua fedha hairudi atapanda hata akiona mawingu meusi, na mmiliki aliyekwishapokea fedha ataliondoa gari. Mkiiweka nauli upande wa usalama, nusu ya kelele zile za ndani ya basi zitakwisha kabla basi halijatoka Mbagala.

Kuna pia suala la usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea saa 24, na kwa njia nyingi uamuzi huo ulikuwa mzuri. Watu walichoka kulala njiani kwa zuio lililodumu tangu miaka ya tisini. Lakini ruhusa ya usiku ilitolewa kwa barabara zote kana kwamba zote ni sawa na misimu yote ni sawa. Mchana dereva anaona rangi ya maji, anaona matawi yanayoelea, anaona wanakijiji wakimpungia asije. Usiku anaona mng'ao tu. Mistari ya pembeni imefutika sehemu nyingi na viakisi mwanga vimeng'olewa. Katika siku zenye tahadhari ya mvua kubwa, safari za usiku za njia hii zisimame. Siku hizo tu. Hatutakufa kwa kulala Kibiti.

Na hapo pa kulala ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mipango yetu ya maafa huwa inapasahau. Barabara ikifungwa, watu wanakaa wapi? Nimeona Somanga ikiwa imejaa magari yaliyokwama. Kijiji cha wavuvi, chenye mabanda ya samaki wa kukaanga na vibanda vya chai, ghafla kinapokea watu wanaozidi wenyeji wake. Maji ya chupa yanapanda bei saa ya kwanza. Choo cha mgahawa kinafungwa kwa kufuli saa ya pili, na wanawake wanaanza kwenda wawili wawili gizani kando ya mikoko, mmoja anashika khanga. Watoto wanalala kwenye korido ya basi, na mama mwenye kichanga anakaa usiku kucha dirishani kwa kuwa ndani hakuna hewa. Asubuhi yake, dereva akisema anataka kujaribu kuvuka, kila mtu anaunga mkono. Si kwamba hawaogopi kufa. Wamechoka kukaa pale.

Amri ya kufunga isiyo na mahali pa kusubiri haitatiiwa, hata mkileta askari. Kwa hiyo magari yasimamishwe mbali na maji, penye huduma: kutoka Dar es Salaam yaishie Kibiti au Ikwiriri, kutoka Mtwara yaishie Lindi mjini, na yaliyokwishafika katikati yakusanywe Nangurukuru. Sehemu hizo ziwekewe maegesho ya malori yenye kokoto, vyoo vya kutosha vya wanawake na wanaume, tangi la maji na paa kubwa tu, hata la bati tupu, ambalo siku za kiangazi litakuwa soko. Halmashauri zitapata ushuru wa soko mwaka mzima, na siku ya mafuriko abiria watapata pa kujihifadhi. Sioni kwa nini mradi wa barabara wa mabilioni uwe na fedha za bango la kumtaja mkandarasi na usiwe na fedha za choo.

Sasa madaraja. Nimefurahi kwamba baada ya Hidaya uamuzi ulikuwa kujenga upya katika maeneo yaliyokatika badala ya kuendelea kutia viraka. Ombi langu kwa wahandisi ni la mtu asiye mhandisi lakini aliyeshuka garini mara nyingi kuangalia. Mara nyingi daraja lenyewe hubaki limesimama, zege halina hata ufa, na kinachokwenda ni tuta la udongo la kuingilia. Tuta lile limekatiza bonde zima kwa unene wake, na chini yake mmeacha tundu la kalavati. Maji yakija mengi kuliko tundu, tuta linakuwa bwawa. Maji yanapanda upande mmoja, yanavuka juu ya lami, yanaporomokea upande wa pili na kuanza kula udongo kutoka chini. Lami inabaki inaning'inia, kisha inakatika. Kalavati lililozibwa na magogo huyafanya haya yatokee kwa mvua ndogo tu. Kwa hiyo pamoja na daraja kubwa, tunaomba matundu ya ziada kwenye mabonde, kingo za matuta zijengwe kwa mawe na gabioni pande zote mbili, na makalavati yasafishwe Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, badala ya Januari baada ya magari kukwama.

Na hesabu za mvua zifanywe upya. Kusini hatuna misimu miwili, vuli na masika, kama wenzetu wa kaskazini. Tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Hidaya alikuja Mei tulipodhani msimu umekwisha. Lindi ilikwishapigwa na kimbunga mwaka 1952, na wazee waliisimulia habari hiyo hadi ikageuka kuwa hadithi. Tukio hilo halikuwa la mwisho. Kalavati linalopimwa leo kwa takwimu za mvua za zamani litakuwa limezeeka siku ya kukatwa utepe.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito, na ni la gharama ya kufunga bila sababu. Barabara hii ndiyo shingo ya Kusini. Korosho hupita hapa, saruji ya Mtwara hupita hapa, na mgonjwa wa rufaa anayepelekwa Muhimbili hupita hapa. Kuna siku mtafunga na mvua isinyeshe. Aprili 2019 Mtwara iliambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja, watu wakahamishwa, ofisi zikafungwa, kisha kimbunga kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji. Upande wa pili wa mto Ruvuma watu walikufa na nyumba zikaezuliwa. Upande wetu watu walicheka. Mpaka leo ukimwonya mtu kuhusu kimbunga, kuna atakayekukumbusha Kenneth.

Jibu langu ni kwamba tunafunga kwa saa, na tunatazama kila baada ya saa chache. Magari ya wagonjwa yapangiwe kabla: hospitali za mikoa zijue kwamba tahadhari ikitoka, mgonjwa wa rufaa aondolewe mapema au ndege iandaliwe. Na sijidanganyi hapa: kufunga barabara hakutaliokoa tuta. Tuta la kukatika litakatika. Tofauti ni kama wakati linakatika kutakuwa na basi juu yake.

Lakini jambo la Kenneth lina upande wa pili ambao ni wenu peke yenu. Ofisa atakayefunga barabara kwa saa sita na mvua ikapita pembeni, mtamfanya nini? Nikiangalia utamaduni wetu wa kazi, naogopa kwamba simu za kwanza zitakuwa za kumkaripia. Mfanyabiashara atalalamika kwa mbunge, mbunge atalalamika kwa mkuu wa mkoa, na mara ya pili ofisa huyo ataliacha geti wazi na kumwachia utingo na kijiti chake. Hakuna vifaa vitakavyosaidia kama yule aliyefunga kwa nia njema atakuwa na hofu kuliko yule aliyeacha wazi. Andikeni kwenye mwongozo wenu, kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma, kwamba aliyefunga kwa kufuata kipimo hataulizwa, na aliyeacha wazi kipimo kikiwa kimepita ataulizwa.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa kuwa mnayajua na yanahitaji utekelezaji tu. Tairi vipara kwenye lami yenye maji hazishiki, zinaelea. Ukaguzi wa mabasi wa mwanzo wa msimu uanzie kwenye tairi na vifuta maji kabla ya kuangalia rangi na maandishi. Kingo za chuma zirudishwe kwenye matuta marefu, na wanaoziiba wafikishwe mahakamani pamoja na wanaozinunua kama chuma chakavu. Madereva wafundishwe kuongeza nafasi kati ya gari na gari mvua inaponyesha, maana kilomita 80 ni kikomo cha barabara kavu, na wengi wanaichukulia kama haki yao ya kila siku.

Kwa abiria wenzangu nina neno moja, kwa kuwa barua hii ni ya wazi na najua mnaisoma. Dereva akisimama penye maji, nyamazeni. Mwenye mazishi atachelewa kuzika. Ukimwita mtu mwoga mbele ya watu hamsini na akaingia majini, nawe umeshika usukani.

Waheshimiwa, msimu wa mvua, Bunge likikaa, huwa tunasomewa idadi. Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikwishaua watu 155. Idadi kama hiyo tukiisikia tunasimama kimya, halafu tunarudi kwenye ratiba. Mimi ningependa safari hii tusomewe kitu kingine: orodha ya mageti, majina ya vijiji yalipowekwa, namba za simu za wanaoyalinda, na jina la cheo kimoja chenye mamlaka ya kufunga barabara nzima kutoka Kibiti hadi Lindi. Ukurasa mmoja unatosha. Ubandikwe stendi ya Mbagala, ya Lindi na ya Mtwara, na unakiliwe nyuma ya kila tiketi.

Mvua za msimu wa Kusini huanza Novemba. Naomba ukurasa huo uwe umebandikwa kufikia mwisho wa Oktoba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa njia ya Kusini